Wimbo Tulioukimbiza

Kemi mwanangu,

Hujarudi kutoka Kamachumu ulikokwenda kuaga. Ndizi ziko jikoni, nimezifunika na majani yake, na mimi nimekaa mezani upande wako, maana upande wangu nimejaribu nikaona kalamu haitembei. Mvua imekatika sasa hivi. Kitendaguro nzima inanuka udongo na moshi wa kuni.

Shangazi yako ameshakwambia habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za wanaume wa Mtwara, ambao anawajua vizuri sana ingawa yeye mwenyewe hajawahi kupita Biharamulo. Sina cha kuongeza hapo. Kesho alfajiri nitakubebea begi mpaka stendi. Wewe utasema, "Tata, acha nibebe mwenyewe," nami nitasema, "Si zito," na tutafika kwenye basi tukiwa tumezungumza habari za begi tu. Ndivyo tulivyoishi tangu tulipomzika mama yako. Chumvi iko wapi, umeme umerudi, mlango umefungwa. Mdomo wangu umezoea kuamrisha kwaya. Ukifika mahali pa kusema na mtu mmoja unakauka. Kwa hiyo naandika.

Nataka kusema juu ya siku ile Kamachumu, kwenye nyumba ya ukoo, nilipokunyang'anya upinde wa fidla mbele ya waombolezaji. Tangu siku ile hujaigusa fidla. Na ulipomaliza uuguzi ukaambiwa utaje mkoa unaotaka kufanyia kazi, ukataja ule ambao mtu akitoka Bukoba hawezi kwenda mbali zaidi bila kuvuka Ruvuma. Sikukuuliza kwa nini. Nilijua kwa nini, nikaumia, nikakwambia hongera.

Fidla yako nimeiteremsha kutoka juu ya kabati. Iko karibu na mlango, ndani ya mfuko wake. Sitakwambia uichukue wala uiache. Ninakuomba tu usome haya kwanza, na usiyasome kwa mwendo wangu. Yasome kwa mwendo wako.

Baadhi ya mambo haya unayajua. Vumilia, mzee akisimulia huanzia pale anapopaweza.

Ule wimbo ulinikuta nikiwa mwalimu kijana. Padre mzee aliyetufundisha fidla mimi na mama yako alikuwa amerudi kwao Ulaya, akatuachia fidla mbili ndogo, ile ya kati yenye sauti nzito kidogo, na ile kubwa inayokaa magotini. Aliacha pia sanduku la karatasi za muziki, na mchwa wakalipata kabla yangu. Kilichobaki kizima kilikuwa kitu kimoja tu, muziki wa watu wanne, bila mwimbaji. Padre hakuwahi kutufundisha. Nikauchukua kama mtu aliyeokota kito njiani, na sikutaka kumwuliza yeyote kama ni kito kweli.

Karatasi ilikuwa ya noti za mistari, na mimi hizo nilizijua kwa kubabaisha. Sisi watu wa kwaya ni watu wa do-re-mi. Nikakaa jioni nyingi nikaihamisha yote kwenye do-re-mi, sauti moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa mstari niliona alama moja ya kushusha noti, nikasema, basi, Doh ni F. Na F kwangu ilikuwa furaha. Nusu ya nyimbo za Krismasi tulizoimba zilikuwa F. Halafu nikatazama noti zenyewe: nyeusi, zina mikia miwili, nyingine mitatu, zimesongamana kama senene kwenye taa. Noti nyeusi ni mbio. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na hakukuwa na mtu wa kunibishia, maana aliyekuwa anajua noti mtaa mzima ni mimi peke yangu.

Juu ya karatasi kulikuwa na maneno mawili ya Kitaliano. La kwanza lilikuwa Adagio. Nikaamua hilo ni jina la mtunzi.

Hapa nakuruhusu ucheke. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta siku alipojua, lakini alichekea jikoni, nisisikie. Miaka mingapi nimesimama mbele ya maharusi wa Bukoba na Muleba nikatangaza, "Sasa tunawaletea kazi ya mtunzi mashuhuri, Bwana Adajo," na watu wakampigia makofi Bwana Adajo! Wanatusema sisi Wahaya kwamba tukijua kitu kidogo tunakitangaza mpaka ng'ambo ya ziwa. Wanawasingizia wengine, mimi hawanisingizii.

Tukawa tunaupiga kwenye harusi, wa kuingilia maharusi. Mzee Abdala alijiunga nasi wakati huo. Wewe ulimkuta tayari ni babu wa nyumba hii, lakini kwangu alikuwa fundi cherehani wa Miembeni niliyempelekea suruali, nikaona fidla imetundikwa ukutani juu ya vitambaa. Baba yake alikuja huku kutoka Tanga, na Abdala mwenyewe ujanani alipiga kwenye taarabu. Noti hajui hata moja. Unampigia, anadaka. Na alipenda mbio kuliko mimi. "Mwalimu, hapa pananoga, tia kasi!" Tunatia kasi. Akina mama wanapiga vigelegele, bibi harusi anatembea karibu kukimbia, shela linamfuata nyuma.

Jambo moja sikulitia maanani miaka yote hiyo. Bibi harusi akishafika mbele, padri hunitazama, nami hukata kwa mkono. Hapo hapo, katikati ya wimbo. Hatukuwahi kufika mwisho wake kanisani. Hata hapa sebuleni tulifanya mazoezi ya mwanzo tu, kwa sababu mwanzo ndio uliotakiwa. Wimbo niliojisifia nusu ya maisha yangu, mwisho wake nilikuwa siujui.

Kisha ukaja wewe. Kabla yako tulikuwa watatu, sauti ya kwanza nikipiga mimi, ya pili Mzee Abdala, ya kati mama yako, na fidla kubwa imeegemea ukuta kama mgeni asiyekaribishwa. Ulipoanza kunizidi, na ulinizidi mapema, nikakupa sauti ya kwanza nikahamia kwenye ile kubwa. Niliwaambia watu kwamba nimeamua kukulea. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona aibu kusimama karibu nawe.

Ulikuwa kidato cha pili uliporudi kutoka shule umeshika simu ya rafiki yako. Mama yako alikuwa anamenya ndizi.

"Tata," ukasema, "Adajo si mtu."

"Ni nini basi?"

"Ni mwendo. Maana yake polepole. Na hili neno la pili maana yake kwa majonzi. Na ufunguo si F, Tata. Doh iko F, lakini wimbo wenyewe unakaa kwenye la. Ni wimbo wa msiba."

Kisu cha mama yako kilisimama. Alikuwa ananingoja.

Nikakwambia sikio halizidi kichwa. Nikasema sijasikia bibi harusi hata mmoja aliyelalamika. Ukasema, "Tujaribu mara moja tu, Tata. Mpola mpola, taratibu." Nikajibu, "Jumamosi tuna harusi."

Sikio halizidi kichwa. Kwenye mambo mengine sijui, lakini kwenye muziki linazidi, mwanangu, na lako lilizidi kichwa changu tangu siku ile. Nililijua hilo usiku uleule. Kumbe kujua hakutoshi. Mtu anaweza kujua akabaki palepale, miaka, kwa sababu tu ameshatangaza mbele za watu.

Na hilo la "Jumamosi tuna harusi" ndilo jibu nililowapa ninyi wawili kwa kila kitu. Ulipofiwa na rafiki yako wa shuleni ukakaa kimya, nilikuletea kazi za shambani. Mama yako alipompoteza yule mtoto aliyekutangulia, nilimwacha alie siku chache halafu nikasema, inatosha sasa, twende mazoezi tuchangamke. Akaja mazoezini. Alipiga vizuri hata. Nilidhani nimemponya. Kwangu huzuni ilikuwa kitu cha kukimbizwa kipite, na nilijiona mwanaume hodari kwa sababu nilikuwa nakimbiza kweli.

Sasa nifike hospitali, mahali ambapo wewe ulikuwepo zaidi yangu.

Miguu ya mama yako ilipoanza kuvimba, mimi ndiye niliyekuwa nasema ni uchovu. Walipotuambia ni figo, mimi ndiye niliyekuwa nasema madaktari wa siku hizi wanapenda kutisha watu. Nilikuwa nafika wodini na chupa ya uji, nimevaa koti, nimesimama. Unakumbuka sikuwahi kukaa kwenye kile kiti? Wewe ulikaa. Siku moja ulikuwa umetoka kufua nguo zake, akanishika mkono wa koti.

"Baba Kemi," akasema, "kaa kidogo. Nataka tuzungumze nikiwa bado na pumzi."

Nikamwambia, "Acha maneno hayo. Wiki ijayo utakuwa shambani unanigombeza."

Akanitazama. Akasema, "Haya."

Basi. Akageukia ukutani, si kwa hasira, alikuwa amechoka. Nikamwachia uji nikaondoka nikiwa najipongeza kwamba nimemtia moyo. Kemi, nimesikia maneno mengi makali maishani, na mengine nilistahili. Hakuna lililoniumiza kama hiyo "Haya" yake. Naisikia nikifunga viatu. Alikuwa na jambo la kuniambia, na mimi nilimkata kwa mkono kama ninavyokata wimbo padri akinitazama. Jambo lenyewe sikulijua, na yeye hakurudia tena.

Nilikuwa naogopa. Sikuwahi kukwambia hivyo, kwa hiyo nakwambia leo. Niliogopa kama mtoto mdogo.

Siku ya pili baada ya mazishi unaikumbuka kuliko mimi, lakini hujui niliionaje kutokea ndani. Tulikuwa tumekaa ndani kwenye nyasi zilizotandikwa, wanaume wa ukoo na shemeji zangu wote, kikapu kidogo cha mwani, kahawa yetu ya kutafuna, kinapita mkono kwa mkono na watu wanatafuna buni zao. Nikasikia fidla kutoka migombani, upande wa kaburi. Mwanzoni sikuutambua huo wimbo. Nakuapia. Nilidhani ni kitu kigeni ulichojifunza chuoni. Ulikuwa unashuka hatua moja, unasimama, unashuka nyingine, kama mtu anayeteremka mahali penye giza akipapasa kwa mguu. Machozi yakaanza kunitoka. Yalikuwa machozi yangu ya kwanza tangu alipokata roho. Hata kaburini sikulia, nilikuwa nasimamia watu. Nilikuwa nalia, na ilikuwa nafuu, na nilitaka uendelee.

Kisha shemeji yangu mmoja akasema, "Si ndio ule wa harusi?"

Nikautambua. Na badala ya kuendelea kulia nikaona aibu. Niliona macho ya wakwe yakinigeukia: mwalimu gani huyu, binti yake anampigia mama yake wimbo wa maharusi kaburini? Nikatoka. Unajua nilivyotoka. Nikasema kwa sauti ile ya darasani, "Kemilembe! Unamfanyia mama yako harusi?"

Ulisema, "Tata, ngoja nimalize."

Maneno hayo tu. Sikungoja. Nikaushika upinde, nawe hukuuachia upesi, ukavunjika kati ya mikono yetu, na mlio wake ulisikika mpaka ndani. Ukanitazama kama mama yako alivyonitazama. Ukailaza fidla juu ya jani la mgomba, polepole, kama kitoto, ukaenda nyuma ya nyumba kusaidia wanawake kuosha vyombo.

Nilikaa na vile vipande viwili miezi. Sikuvitupa na sikuvitengeneza. Ulipoleta habari za Mtwara ndipo nikavifunga kwenye gazeti nikampelekea Mzee Abdala pale Miembeni. Mkono wake wa kushoto unatetemeka siku hizi lakini wa kulia bado ni wa fundi. Alipaka gundi, akaanza kuzungusha uzi, na akiwa anazungusha akasema bila kunitazama:

"Mwalimu, siku ile uliniumiza. Yule mtoto alitumwa."

"Alitumwa na nani?"

"Na mwenyewe. Nilikuwapo hospitali, nilikwenda kumjulia hali. Bi marehemu alimwambia mtoto mbele yangu, 'Siku yangu unipigie ule wetu. Ule wa baba yako usinipigie.'"

Nikamwuliza, "Ule wetu upi?"

Akashangaa. "Huo huo mmoja. Wewe ulipokuwa ukienda Muleba kwenye kwaya zako, wao wakibaki hapa walikuwa wakiupiga taratibu. Wa kwanza na wa kati, wawili tu. Mimi nikija na nguo nikiwasikia nilikuwa nakaa barazani. Sipigi hodi mpaka wamalize."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesikia?" akasema, na akakata uzi kwa meno.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Usidhani nilijuta mara moja. Mimi si mwepesi hivyo. Kwanza niliona wivu. Ule wetu! Nyumba yangu mwenyewe ilikuwa na wimbo mzuri uliokuwa unangoja mimi nitoke. Mke wangu na binti yangu walikuwa wananisikiliza nikijiandaa, nikitafuta kofia, wakinisindikiza mpaka kwenye miti ya kahawa, wakirudi ndani wakifungua mifuko. Nilipofika karibu na nyumba ndipo wivu ukaisha, yakabaki majuto. Kwamba ungeweza kusema. Mbele ya wale watu wote, ungeweza kusema, "Mama ndiye aliyeniagiza," na ningekoma, na aibu ingekuwa yangu. Hukusema. Ulinikinga, wewe uliyefiwa, siku ya pili tu baada ya kumzika mama yako, na nikakulipa kwa kutozungumza nawe miezi.

Nisamehe, mwanangu. Sikutaka neno hili liwe mwishoni mwa barua kama muhuri, kwa hiyo naliweka hapa katikati, panapouma.

Juzi ulipokuwa mjini kwa ajili ya tiketi nilitoa fidla kubwa. Nikatoa karatasi ya padre, ile yenyewe, siyo nakala zangu. Nikapiga sauti yangu kwa mwendo wako. Ilinichukua muda, mikono yangu ilitaka kukimbia kama ng'ombe anayeijua njia ya nyumbani. Nilipoiweza, nikagundua kwamba kwenye harusi sauti yangu ilikuwa kelele ya nyuma tu, pumu-pumu-pumu, lakini polepole inatembea. Inashuka kutoka juu kabisa mpaka chini, inapumzika, inajaribu kupanda, inashindwa, inashuka tena. Na haiishii kwenye doh. Ulisema kweli. Inaishia kwenye la. Wimbo ukiishia doh mtu amefika nyumbani amekaa. Huu unamwacha amesimama.

Nikaendelea kuangalia, nikafika kwenye mstari wa mama yako, ile sauti ya kati. Na noti yake ya mwisho ina alama ya kuipandisha nusu hatua. Hiyo alama naikumbuka. Nilipokuwa nahamisha niliiona, nikasema aliyechapa amekosea, nikaiandika doh ya kawaida. Nikasahihisha. Mimi wa Kitendaguro nikamsahihisha Bwana Adajo.

Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini acha niyaseme kwa lugha yangu. Mwishoni wewe unashika la ya juu, mimi la ya chini, Mzee Abdala anashika mi. Sisi watatu hatuamui kitu. Anayeamua ni yule wa katikati. Akishika doh, kama nilivyomwandikia mimi, wimbo unaisha kwa majonzi kama ulivyoanza. Akiipandisha ile nusu hatua, kama karatasi inavyosema, wimbo wote unageuka kuwa faraja, mwisho kabisa, kwa noti moja. Majonzi yote yale, na ufunguo anao mtu mmoja aliyekaa katikati ambaye hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Jana alasiri Mzee Abdala alileta upinde. Tukaupiga sisi wawili, polepole, mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Tukafika pale, yeye mi na mimi la, na katikati hakuna mtu. Ukisikiliza hapo huwezi kujua kama ni huzuni au ni faraja. Ni nafasi tu. Tulikaa tumeshika pinde zetu, yeye akamtaja mama yako, "Ah, Bi Asteria," akainuka akavaa kofia yake akaenda kuswali. Mimi nikabaki. Ningekuwa baba mwenye busara ningekuandikia kwamba nilisikia faraja. Sikusikia. Nilimkosa mama yako vibaya sana, kuliko siku ya mazishi.

Huko wodini Mtwara utakutana na wanaume kama mimi. Wamevaa koti, wamesimama miguuni pa kitanda, wanasema wiki ijayo, wiki ijayo. Usiwachukie. Wavutie kiti. Kama mgonjwa ana neno, mtu wa koti akikaa labda atalisikia. Ni hilo tu ninalolijua kuhusu kazi yako, na nimelijua kwa gharama ya mama yako.

Kuhusu upinde: uko mfukoni pamoja na fidla. Mzee Abdala ameuzungushia uzi mweusi wa suti mahali ulipovunjika. Nimeujaribu. Umekuwa mzito kule mbele, haurukiruki tena juu ya nyuzi, na ukiuharakisha unalia vibaya. Harusi hauwezi. Kwa mwendo wako unakwenda vizuri. Ukiona haukufai, uache, nitaelewa, na stendi nitakubebea begi vilevile na nitasema si zito.

Lakini kuna jambo ambalo nimelizunguka barua nzima kwa sababu naliogopa, na sasa nasikia mbwa wa jirani wanabweka, labda ni wewe unapanda mlima.

Mama yako alikuwa anasoma nakala yangu yenye kosa. Ila alikuwa na sikio lake. Mlipokuwa wawili hapa, mimi niko Muleba, Mzee Abdala yuko barazani na nguo za watu mapajani, mlikuwa mnafika mwisho. Mlikuwa na muda. Nimemwuliza Mzee kama anakumbuka noti ya mwisho ya mama yako, kama aliiacha chini au aliipandisha. Anasema hakumbuki, alikuwa anaangalia mvua. Kwa hiyo duniani kote aliyebaki anayejua ni wewe. Labda hilo ndilo alilotaka kuniambia siku ile aliponishika koti, labda sivyo. Nimekuwa nikijiuliza kila saa tangu juzi: alipokuwa peke yake nawe, kwa mwendo wake mwenyewe, mke wangu alikuwa anamaliza vipi?

Sikuulizi kesho stendi. Sikuulizi kwenye simu ukifika. Maisha yangu yote nimewaharakisha, hili sitaliharakisha. Ukikaa nalo mwaka, kaa nalo. Ukiona sistahili kujua, nife bila kujua.

Ila ikitokea siku moja huko uliko ukaweza, nipigie simu, usiseme kitu, upige ile noti moja tu. Nitaielewa. Mimi huku nitakuwa nimekaa, Kemi. Nimekaa kwenye kiti, nimeshika la yangu, nakungoja umalize.

Tata wako